Naomba ushauri: kongamano la amani Mtwara, tuguse suala la gesi au tuliache?

Wakuu, salaam kutoka Mtwara. Mimi ni mhadhiri kwenye chuo kimoja huku, na wakubwa wamenitwisha ukatibu wa kamati ya kongamano la utafiti wa amani na maendeleo endelevu. Ukumbi upo, fedha za kuungaunga zipo. Kinachoninyima usingizi ni ratiba.

Wenzangu wanataka mada za kawaida: tabianchi, Lengo la 16 la maendeleo endelevu la Umoja wa Mataifa (lile la amani na haki), basi. Mimi naona kuzungumzia amani Mtwara bila kugusa vurugu za 2013 za bomba la gesi la kwenda Dar ni kujidanganya. Na hapo ng'ambo ya mto Ruvuma, jimbo la Cabo Delgado huko Msumbiji, watu wanakimbia makwao tangu 2017 kwa mashambulizi ya waasi, wengine ni Wamakonde wenzetu kabisa. Mwenyekiti anasema tutatonesha kidonda. Labda ana hoja. Walioumia 2013 tunapishana nao sokoni kila siku.

Waliowahi kuandaa kitu kama hiki, mlifanyaje? Kikao cha suala la gesi kiwe cha faragha, bila waandishi wa habari? Natamani wavuvi na wazee wa Msimbati, inakochimbwa gesi, wakae meza moja na maprofesa, ila sasa posho! Huwezi kumpa profesa bahasha halafu mzee wa watu ukampa soda.

Halafu wamepanga Novemba, katikati ya minada ya korosho. Mkulima gani atakuja?

Barua za mwaliko zinatoka wiki ijayo, nisaidieni.