Mrejesho: Udongo mweusi wa mikokoni uliogeuka rangi

Wadau, asanteni sana. Niliuliza kwa nini udongo wa kufinyangia nilioletewa kutoka mikokoni Kilifi, mweusi tii, uligeuka kijivu kwenye karakana yangu hapa Kariobangi, kisha ukatoa mabaka ya manjano.

Jibu lenu kwamba weusi huo ni salfaidi ya chuma, yaani chuma kilichoungana na salfa, limethibitika. Nilidondoshea siki bonge bichi, tena nje kama mlivyonionya: harufu ya yai viza ikatoka na weusi ukafifia. Yale manjano, kama alivyoeleza mmoja wenu, ni jarositi, madini ya manjano yenye chuma na salfa, ambayo hutokea pairiti (aina nyingine ya salfaidi ya chuma) ikipata hewa na udongo ukawa na asidi. Nimechoma kigae cha majaribio, mabaka yakawa mekundu: salfa imetoka, chuma kimebaki. Wekundu huo ni mzuri mno, nautaka.

Kuosha udongo kwa maji ya mvua kumesaidia nusu tu. Ukungu mweupe wa chumvi bado unajitokeza kwenye midomo ya vyungu. Kabonati ya bari, ambayo wafinyanzi huchanganya kwenye udongo kuzuia chumvi hiyo, sikuitumia. Ni sumu, na vyungu hivi ni vya chakula. Naendelea kuosha, na tanuri naliwasha polepole, madirisha wazi, maana moshi wa salfa unakaba kifua.