Shule moja ya Kayumba, majirani wawili, majibu mawili. Nimhamishe binti au nisimhamishe?

Mama Salma
Habari zenu wazazi wenzangu. Niko Dar es Salaam, huku pembeni ambako nyumba zimejaa kabla barabara haijafika. Binti yangu anamaliza darasa la pili midiamu, yaani shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza. Kazi ya baba yake imesimama tangu mwezi wa nne na ada ya milioni moja na laki nne hatuiwezi tena. Shule ya serikali, hizi tunazoziita Kayumba, iko dakika kumi kwa mguu. Kabla sijaenda kuomba nafasi nikaona niulize majirani. Wa kwanza akaniambia mpeleke hata kesho, wangu yuko la tatu na gazeti analisoma. Wa pili, nyumba ya tatu kutoka kwa huyo, shule hiyohiyo, darasa hilohilo, alimtoa mtoto wake katikati ya mwaka kwa sababu alikuwa hawezi kusoma neno "mama" likiandikwa ubaoni. Wote wawili nawafahamu na si waongo. Nimsikilize nani? Wenye watoto Kayumba naombeni mnieleze ukweli, mazuri na mabaya.

Baba Wanne
Dada usiogope. Wangu wote wanne ni wa Kayumba. Mkubwa kamaliza kidato cha nne, anayemfuata alipata A mtihani wa darasa la saba. Huko midiamu mnalipia basi la njano na sweta yenye nembo. Ila niseme jambo moja: wanaolia na shule hizi wengi ni wazazi wanaomtupa mtoto getini na kumsahau. Muulize mtu daftari la mwanawe la hesabu lina jalada la rangi gani, hajui. Fungua daftari kila jioni, mtoto atasoma popote.

Bi Feri
"Wanaomtupa mtoto getini." Baba Wanne, hilo neno limenikaa kooni. Mimi naamka saa nane usiku ili niwahi mnada wa samaki Feri. Nikishakaanga na kuuza narudi saa mbili usiku, mtoto keshalala na sare yake mwilini. Anayemwamsha asubuhi ni dada yake mwenye miaka kumi na moja. Hilo daftari nilifungue saa ngapi? Sijamtupa mtu. Naamka saa nane kwa ajili yake.

Baba Wanne
Sikukutaja wewe dada yangu, nimesema wengi.

Bi Feri
Hukunitaja kwa jina. Lakini wenye maisha kama yangu ndio hao wengi.

Hoja ya Kata
Turudi kwenye swali. Mama Salma, angalia lugha kabla ya kitu kingine. Anakwenda la tatu, na la nne kuna upimaji wa taifa, kwa Kayumba ni kwa Kiswahili isipokuwa somo la Kiingereza lenyewe. Wangu nilimhamisha akiwa la tatu vilevile. Hesabu alikuwa anazijua, lakini mwalimu akisema "gawanya" anaduwaa, hajui anaambiwa nini. Ilituchukua muhula mzima. Kama mnaweza kujibana kuna shule za serikali za mchepuo wa Kiingereza, mfano Olympio na Diamond. Nako kuna ada.

Bi Feri
Baba Wanne hajanijibu saa ngapi.

Mwalimu Chaki
Naomba nichangie. Nafundisha Kayumba, huu mwaka wa kumi na mbili. Kiwango kinachotakiwa ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Darasani kwangu, la pili, wako 138. Madawati ni 31, yametengenezwa kwa watoto watatu, wanakaa wanne, mengine watano, wa pembeni anaandikia pajani. Nikisahihisha daftari moja kwa dakika moja ni saa mbili na dakika kumi na nane, somo moja tu, na hapo sijaandaa la kesho.

Halafu watu wanadhani elimu bila malipo maana yake shuleni kuna hela. Ruzuku ya uendeshaji imepangwa shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka. Katika hizo 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, inayokuja shuleni ni 6,000. Kwa darasa langu lote ni 828,000 kwa mwaka mzima. Humo kuna chaki, karatasi za mitihani, matengenezo, michezo. Naomba wanaoniita mvivu wapige hesabu hiyo polepole.

Mdau wa Mtaa
Mwalimu hapa hakuna aliyekuita mvivu, lakini kwa kuwa umekuja nijibu. Kwa nini mwanangu anarudishwa nyumbani kisa mia tano ya jaribio? Michango si ilipigwa marufuku? Kuna waraka wa 2015, na Magufuli mwenyewe alisema kwa mdomo wake.

Mwalimu Chaki
Waraka Namba 5 wa elimu bila malipo ulitoka 2015 na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Mwaka huohuo ukaja Waraka Namba 3 kueleza nani anabeba nini: mzazi bado ana sare, madaftari, kalamu, chakula na matibabu ya mwanawe. Hayati Rais alipiga marufuku michango Januari 2018, na hapo umesema sawa. Mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango. Kama wako amerudishwa ni kosa, nenda kwa mwalimu mkuu, asipokusikia nenda kwa afisa elimu kata. Siwezi kumtetea aliyefanya hivyo.

Mdau wa Mtaa
Nikienda kwa afisa elimu kata mtoto ataandamwa darasani. Hilo unalijua mwalimu.

Mama Abdul
Mimi ni mmoja wa waliomtoa mtoto, si shule hiyo ya Mama Salma, ni nyingine. Na Baba Wanne, mimi daftari nilikuwa nalifungua kila siku ya Mungu.

Nilikuwa naona tiki nyekundu ukurasa mzima, chini imeandikwa "Vema". Nafurahi, namsifia, namwambia endelea hivyo mwanangu. Jumamosi moja nimekaa nachambua mchele, daftari liko wazi kwenye mkeka, macho yakaenda kwenye hesabu yenyewe badala ya tiki. 14 − 6 = 12. Tiki. 23 − 8 = 25. Tiki. 31 − 7 = 36. Tiki. Nikadhani macho yangu. Hesabu kumi, kumi zote kakosa, na zote kwa namna moja: anachukua tarakimu ndogo anaitoa kwenye kubwa, haangalii ipi ni ya juu na ipi ya chini. Yaani mtoto alijitungia njia yake mwenyewe na alikuwa anaifuata kwa uaminifu, akipewa "Vema" kila siku.

Nikamuuliza nani amesahihisha. Akasema kiranja. Kiranja ana miaka minane.

Baba Wanne
Pole sana. Lakini si unaona? Muhula mzima unaangalia tiki, hesabu huangalii. Kufungua daftari ninakokusema mimi ni kukagua kazi, si kuhesabu tiki.

Mama Abdul
Baba Wanne usinifundishe adabu mbele za watu. Mimi niliishia la saba. Kalamu nyekundu shuleni ni ya mwalimu, ndivyo nilivyolelewa, ikisema sahihi mimi ni nani nibishe? Wewe ungemwambia mwalimu wa wanao amekosea?

Baba Wanne
Ningemwambia.

Mama Abdul
Basi Mungu alikupa elimu na mdomo. Wengine tumepewa kimoja.

Mzee wa UPE
Wanangu, punguzeni. Mimi nimeanza la kwanza 1977, enzi za Elimu ya Msingi kwa Wote baada ya Azimio la Musoma. Walimu wetu wengine walikuwa vijana waliomaliza la saba juzi tu wakapewa mafunzo hukohuko kazini. Mama yangu hakujua kusoma hata herufi moja. Kila jioni alinikalisha karibu na jiko, akawa anapitisha kidole kwenye ukurasa anahesabu: hii ni alama ya ndiyo, hii ni ya hapana. Za hapana zikizidi ananiuliza kwa nini, na ilinibidi nimweleze hadi aelewe. Kwa hiyo dada wa Feri asikate tamaa. Hata asiyejua kusoma anaweza kulifungua daftari.

Bi Feri
Shikamoo mzee. Mama yako alihesabu tiki za mwalimu. Mama Abdul alikuwa anahesabu tiki za mtoto wa miaka minane. Nami hata hizo sizifikii, mtoto amelala. Naona mnanipa moyo lakini bado naambiwa kosa ni langu.

Mzee wa UPE
Marahaba mwanangu. Nisamehe, sikukusudia hivyo.

Mwalimu Chaki
Nimemsoma Mama Abdul mara tatu na nimeshindwa kulala. Nami huwa nawapa viongozi wa darasa wasahihishe. Siku mbili kwa juma, wakati mwingine tatu. Naandika majibu ubaoni, wanabadilishana madaftari. Mtoto akiwa rafiki yake anapewa tiki, akiwa wamegombana anapewa kosa, na kuna wanaoogopa kumkosoa mkubwa kwa umbo. Najua. Nikipitia madaftari yote mwenyewe sifundishi, nikifundisha siyapitii. Nimechagua kufundisha. Lakini hiyo ya 23 − 8 kuwa 25 ni kosa ambalo ningeliona kwa sekunde tano kama daftari lingefika mezani kwangu, na lingekuwa la kurekebisha kwa kipindi kimoja. Hilo ndilo linaloniuma.

Hoja ya Kata
Mwalimu ahsante kwa kusema ukweli. Wengi wangenyamaza.

Mdau wa Mtaa
Kusema ukweli vizuri, lakini waliopita mikononi mwake miaka kumi na miwili nani atawarudia?

Mwalimu Chaki
Sina jibu la hilo ndugu yangu.

Kijana wa Pugu Road
Mnagombana tu, hakuna aliyemuuliza Mama Salma jambo la maana. Hao majirani, watoto wao wako zamu gani? Shule nyingi za pembeni ya Dar madarasa hayatoshi, wanaingia asubuhi na wengine mchana. Mdogo wangu alikuwa wa mchana. Tangu alfajiri wazazi wameondoka, anacheza juani mpaka saa sita, anafika darasani kachoka, bati linawaka, mwalimu amefundisha wa asubuhi hadi sauti imekauka. Darasa lile lile, mwalimu yule yule, mtoto mwingine kabisa.

Baba Wanne
Wangu wote walikuwa asubuhi.

Bi Feri
Na hukuwahi kulisema hilo. Umesema daftari, daftari, daftari.

Baba Wanne
Sikuwahi kulifikiria. Na nikujibu lile la saa ngapi: sijui. Kwangu mke wangu yuko nyumbani, ndiye anayefungua. Nilikosea kusema wanatupa.

Mama Salma
Jamani ahsanteni wote, nimewasoma hadi mwisho. Jana nilikwenda pale. Mwalimu mkuu kanipokea vizuri, akanipa kiti. Ni kweli alichosema kijana: wa jirani wa kwanza anaingia asubuhi, wa jirani wa pili alikuwa mchana. Nikaomba asubuhi. Akafungua orodha akanionesha, la tatu asubuhi wamejaa, majina mengine yameandikwa pembeni kwa kalamu ya risasi. Mchana nafasi ipo hata leo. Nimpeleke mchana huku nasubiri asubuhi ipungue?

Kijana wa Pugu Road
Mpeleke, uandikishe jina kwenye ile ya asubuhi, na uwe unapita kuulizia. Wanaohama Januari ni wengi, nafasi hutokea. Wasioulizia hurukwa.

Bi Feri
Mpeleke. Wewe asubuhi uko nyumbani naye, mimi siko. Kabla hajaenda mwandikie ile ya 23 − 8 uone anafanyaje.

Mama Salma
Nimemwandikia sasa hivi nyuma ya boksi la sabuni. Kaandika 25. Nikampa 31 − 7, kaandika 36. Miaka miwili midiamu, ripoti ya muhula uliopita hesabu ana 92. Nimekaa chini kwanza. Mama Abdul, wa kwako ulimwelekezaje?

Mama Abdul
Vijiti, mama. Vunja vya ufagio. Kumi unavifunga kwa mpira wa kufungia nywele, unakuwa na fungu. 23 ni mafungu mawili na vijiti vitatu pembeni. Mwambie nipe vinane. Atakupa vile vitatu, kisha atakutazama, kwa sababu havitoshi. Usimwambie kitu. Mwache akae navyo. Wangu alikaa kama dakika mbili anageuza fungu mkononi, kisha akauliza, "Naruhusiwa kulifungua?"