Tupeane uzoefu: mtumbwi umegongwa usiku, aliyegonga amekimbia

Diko_la_Mchangani:
Wakuu, salaam. Mtumbwi ukigongwa usiku, mara nyingi habari huishia diko, pale wavuvi wanapoegesha vyombo: "Tuliona taa, kisha tukawa majini." Hakuna jina la chombo, hakuna namba, hakuna kesi. Simulizi za huzuni tunazo za kutosha. Hapa naomba wenye ujuzi waweke mambo ya kushika mkononi.

Naanza na sheria, kwa kuwa wengi wanadhani kukimbia ni utovu wa utu tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, ibara ya 98, unazitaka nchi zimlazimishe nahodha, vyombo vikigongana, akisaidie chombo cha pili, mabaharia wake na abiria wake. Pale inapowezekana awaambie jina la chombo chake, bandari kilikosajiliwa na bandari ya karibu atakayotia nanga. Tanzania iliridhia mwaka 1985, Kenya 1989. Wajibu huu haungoji kujua nani mkosa. Hata kama mtumbwi haukuwa na taa, aliyegonga anasimama. Kinachompa udhuru ni hatari kubwa kwa chombo na watu wake mwenyewe. Kuwahi gati si udhuru.

Mwokozi_wa_Nungwi:
Dakika za kwanza: msiache chombo. Mtumbwi wa mbao uliopinduka bado unaelea, na unaonekana kutoka mbali kuliko kichwa cha mtu. Itaneni kwa majina, mhesabiane. Mwenye saa au simu ashike wakati uleule wa kugongwa, maana waokoaji wanapiga hesabu ya mkondo kuanzia hapo, na baadaye wachunguzi watatafuta chombo kwa dakika hiyohiyo.

Redio ni chaneli 16, ya dharura: "Mayday" (wito wa kuomba kuokolewa) mara tatu, jina la chombo mara tatu, mko wapi, mmepatwa na nini, mko wangapi. Redio ya mkono ya wati 5 ikishikwa na mtu aliye majini haifiki mbali, hivyo apewe aliyekaa juu ya mtumbwi. Simu ifungwe kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kutoka diko, si baada.

Na kwa aliyegonga akaamua kusimama kama inavyompasa: mwendee mtu polepole, ukikabili upepo au mkondo, na ukimfikia zima mashine kabisa. Gia ya kati haitoshi, mkono ukiteleza pangaboi linazunguka.

Taa_na_Kanuni:
"Tuliona taa" ni ushahidi, ila taa ipi? Ukiona nyekundu peke yake, unatazama ubavu wa kushoto wa chombo, nacho kinaelekea kushoto kwako. Kijani, kinaelekea kulia kwako. Zote mbili pamoja, kinakujia wewe. Taa mbili nyeupe za mlingoti, ya mbele chini na ya nyuma juu, karibu kila mara ni meli: kwa chombo cha mita 50 au zaidi ni lazima. Ukimweleza hivyo askari, nusu ya washukiwa wameshaondoka kwenye orodha.

Afisa_Mstaafu:
Kwa meli, kimbilieni kumbukumbu haraka. Meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa, na meli zote za abiria za kimataifa, zinatakiwa kuwa na AIS, mtambo unaotangaza jina, mahali na mwendo. Matangazo hayo hunaswa na vituo vya nchi kavu na kuhifadhiwa. Ukiwa na saa na mahali, meli zilizopita zinahesabika kwa vidole.

Meli kubwa zina pia VDR, inayorekodi sauti za chumba cha usukani na picha ya rada. Hapa ndipo watu wanapochelewa. Mitambo ya kizamani inafuta kumbukumbu baada ya muda wa saa 12 tu. Ile ya kiwango cha kuanzia Julai 2014 inatunza siku 30. Ripoti ya asubuhi ileile inaweza kukuta sauti, ya keshokutwa ikakuta pengo. Juni 2017 meli Amber L, yenye bendera ya Panama, ilihusishwa na kugonga boti ya uvuvi karibu na Kochi, India. Ilipatikana na kuzuiliwa. Kwa hiyo msiseme meli haikamatiki.

Ripoti: polisi wanamaji, kisha mamlaka ya usafiri wa majini: TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar, KMA kwa Kenya. BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa fukwe cha diko lenu, ipate nakala.

Fundi_Faiba:
Boti ndogo haina AIS, basi ushahidi ni mbao. Msipake rangi, msizibe tundu. Rangi ya aliyegonga inabaki kwenye kovu, na vipande vya faiba hukwama kwenye nyufa. Ng'oeni ubao wenye alama, muufunge kwa karatasi. Nailoni inafungia unyevu na kuozesha. Picha zipigwe na rula kando, na urefu wa kovu kutoka usawa wa maji upimwe. Mikato sambamba, iliyoachana kwa nafasi sawa, ni ya pangaboi.

Kisha ulizeni mafundi wa madiko jirani nani ameleta pangaboi lililopinda wiki hiyo.

Mvuvi_wa_Dagaa:
Karabai zetu zinawaka kama mchana. Hazitoshi?

Taa_na_Kanuni:
Hazitoshi, ndugu yangu. Karabai inamulika maji, haimwambii mtu mnaelekea wapi, na inawapofusha nyinyi wenyewe. Mtumbwi wa makasia, au wa tanga chini ya mita 7, usipoweka taa za njia (nyekundu, kijani na nyeupe), kanuni ya 25 ya kimataifa ya kuzuia kugongana baharini inataka angalau tochi au taa nyeupe iwe tayari, na ioneshwe mapema kuzuia kugongana. Mmulike tanga, kisha kule kinakotoka chombo.

Afisa_Mstaafu:
Mbao haionekani vizuri kwenye rada. Tengenezeni kioo cha rada, kinachorudisha mawimbi ya rada ya meli: bati tatu za alumini za sentimita 30, zipitane katikati kwa pembe mraba. Pembe ikikosea digrii chache tu mwangwi unapotea. Itundikeni juu kabisa ya mlingoti, mfuko mmoja (kona inayofanywa na bati tatu) ukitazama juu kama unakinga mvua. Na msitege nyavu mbele ya meli mkidhani nahodha anawaona: hata kwa meli iliyojengwa kwa kanuni, bahari iliyo mbele ya omo (sehemu ya mbele ya meli) inaweza kufichika hadi mita 500.