Operesheni Nó Górdio 1970: Mreno alishinda au alijichimbia kaburi Msumbiji?

Wakuu habari zenu,

Kila tukigusa ukombozi wa Msumbiji watu wanaruka kutoka risasi za kwanza za vita pale Chai, 25 Septemba 1964, mpaka mapinduzi ya Lisbon, 25 Aprili 1974, kama vile hiyo miaka kumi ya katikati watu walikuwa wamelala. Mimi nasema vita ile iliamuliwa Mueda, kaskazini kwa Wamakonde, Julai 1970, tena kwenye hiyo Nó Górdio, operesheni ambayo maofisa wa Kireno wengi waliapa kwamba walishinda.

Angalieni hali ilivyokuwa. Mondlane, kiongozi wa Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kauawa na bomu la kwenye kifurushi hapo Dar, Februari 1969. Nkavandame, mkubwa wa Frelimo jimbo la Cabo Delgado, mwaka huohuo kahamia kwa Mreno. Simango, aliyekuwa makamu wa Mondlane, katimuliwa, na Samora kakabidhiwa chama Mei 1970, hata kiti hakijapata joto. Jenerali Kaúlza de Arriaga, mkuu wa majeshi ya Mreno Msumbiji, akaona hapa ndo penyewe, akamwaga jeshi kwa Wamakonde, takwimu inayotajwa sana ni askari 35,000, na ndege na mizinga na makatapila ya kupasua barabara msituni. Besi kubwa za Frelimo zikatekwa: Gungunhana, Moçambique, Nampula. Kwenye karatasi kashinda, sibishi.

Ila wapiganaji wengi walishatawanyika vikundi vidogovidogo, na wakati Mreno karundika nguvu zake kaskazini Frelimo wakakaza Tete, wakavuka Zambezi kwenda kusini, ikifika 1972 wako Manica na Sofala, kwenye mashamba ya walowezi na reli ya Beira. Hapo ndo wazungu wa Beira walianza kukosa usingizi. Mwenye hoja tofauti aje nayo, matusi abaki nayo.

----

Mkuu umeandika vizuri ila umelazimisha. Front ya Tete ilifunguliwa upya 1968, kabla ya hiyo operesheni yako, kwa hiyo usiseme Mueda ndo iliizaa. Na kama Tete ilikuwa moto hivyo mbona bwawa la Cahora Bassa, lililokuwa linajengwa na Mreno hukohuko Tete, Frelimo walishindwa kulizuia? Walitega mabomu barabarani, walishambulia misafara, na bado likajengwa. Mreno alivunjikia Guinea-Bissau bana. Kule PAIGC, chama cha ukombozi cha Amílcar Cabral, walipata Strela, makombora ya kudungulia ndege, 1973, ndege zikaanza kudondoka, na makapteni wa Kireno waliokuja kumpindua waziri mkuu wao Caetano walianza kukutana kulekule Bissau. Tusiwanyime haki yao watu wa Cabral.

----

Ndugu yangu, Cabral simnyimi kitu. Lakini hao makapteni walichoshwa na vita ya nchi tatu kwa mpigo, Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji, na Nó Górdio ndo lilikuwa jaribio kubwa la kumaliza mojawapo kwa nguvu tupu. Likishashindikana lile, ofisa gani mwenye akili zake ataamini kuna operesheni nyingine itakayofaulu? Bwawa sawa, lilijengwa, ila lilikula askari wa kulilinda miaka yote. Na hasira ikahamia kwa raia, Desemba 1972 makomando wakaua mamia ya wanakijiji pale Wiriyamu, Tete, Julai 1973 habari ikatoka gazeti la Uingereza siku chache tu kabla Caetano hajatua London, aibu tupu. Mwaka huohuo Kaúlza akarudi kwao, vita imesambaa kuliko alivyoikuta. Ushindi gani huo?

----

Mnabishana majenerali tu, Nachingwea, kambi ya mafunzo ya Frelimo huku kwetu Tanzania, hamuitaji. Bila kambi ile, na njia za Mtwara na Ruvuma, hao Frelimo wangetawanyikia wapi? Wakimbizi wao walikuwa Rutamba pale Lindi, silaha zinapita kwetu, vijana wanafunzwa kwetu. Besi iliyotakiwa kuvunjwa haikuwa Gungunhana, ilikuwa upande huu wa mto, na hiyo Mreno hakuthubutu kuiendea na jeshi la namna ile kwa sababu angekuwa kaingia vita na Tanzania. Kwa hiyo Kaúlza alishafeli kabla katapila la kwanza halijawashwa.

Halafu swali kwa mleta mada. Kama kila kitu kiliamuliwa 1970, ngome ya Mreno ya Omar pale karibu na mpaka wa Tanzania ilikuwa bado inafanya nini mpaka Agosti 1974 ndo ikajisalimisha kwa Frelimo, miezi mitatu na ushee baada ya Caetano kuanguka? Jibu hilo kwanza ndo tuendelee.