Naomba ushauri: bango langu la maandamano linauzwa kwenye fulana
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Mi mchoraji, nilichora bango la vuguvugu la kupinga pengo la matajiri na maskini, mkono umeshika kijiko kitupu, rangi mbili tu nyeusi na nyekundu ili hata mwenye printa mbovu akitoa kopi isomeke. Nikaliachia bure mtandaoni kama walivyofanya wasanii kibao wa maandamano ya Occupy Wall Street kule Marekani 2011, nikaandika tu "tumieni", leseni sikuweka (uzembe wangu huo najua). Sasa kuna jamaa wala si mwenzetu analiuza kwenye fulana, nimemwandikia mara mbili kimya. Nimeshauriwa niweke leseni ya Creative Commons (zile leseni za kuruhusu watu watumie kazi yako bure kwa masharti), ile isiyoruhusu biashara, ila hata kundi letu huwa linauza fulana kuchangisha hela ya maji na spika, si nitakuwa nimewafunga na wao?

Nikiweka leseni leo itamgusa aliyechukua kabla? Na naweza kuzuia biashara halafu wenzangu nikawapa ruhusa ya pembeni kwa maandishi? Jina langu lisipowekwa sijali, ila kile kijiko kumtajirisha mtu mmoja aisee kinaniuma.