Ati ubongo wangu hauzungushi maumbo, nimimine chai!

Wakuu, ndo natoka saiti, mikono inatetemeka. Yule bosi mnamjua, wa njia ya Mikindani, anayening'iniza futi shingoni kama nishani. Simtaji.

Leo anagawa kazi ya waya. Mafundi sita, mwanamke peke yangu. Nanyoosha mkono nipokee ramani, ananipa chupa ya chai. Chupa ya chai, wakuu! Ile ya maua mekundu, mfuniko umekazwa kwa mpira. "Wamiminie vijana." Wawili kati ya hao vijana laivu na nyutro nimewaonyesha mimi!

Namuuliza kulikoni, ati wanasayansi wamethibitisha mwanamke hawezi kuzungusha umbo kichwani, ndo maana mkapewa unesi. Profesa mzima! Na ramani yake kaishika choo kimeangalia barabarani.

Nimesimama na ile chupa karne nzima. Vikombe vitano vimenyooshwa. Vitano!

Korosho_Pumba: Hii chai.

Mleta uzi: Ndiyo, chai! Ya tangawizi!

BintiNewala: Pole dada. Mimi nina fizikia yangu, kwenye usaili nikaulizwa naolewa lini.

MwalimuMstaafu: Kipimo cha kuzungusha maumbo kipo, wanasaikolojia kina Shepard na Metzler walikitoa 1971. Wanaume huzidi kwa wastani, wanawake huzidi kidogo kwenye ufasaha wa maneno. Ila wastani wa kundi haukwambii fundi aliye mbele yako ana nini kichwani, na mazoezi hupandisha alama. Mwanaanga wa Marekani John Glenn, kabla ya kurushwa angani 1962, alitaka hesabu za safari azihakiki kwanza Katherine Johnson, mwanahisabati wa NASA. Mwanamke yule.

Mmwera_Halisi: Ufasaha wa maneno tumeuona, aya nne kwa kikombe cha chai 😂

Kaka_Shangani: Mwalimu, na sisi wanaume tuliopotea sokoni na ramani ya simu mkononi?

Msimbati1: Dada, ulimimina au hukumimina?

Mleta uzi: Nilimimina. Nusunusu. Tangawizi zote nikampa bosi.

Msimbati1: 😂😂 Waya mnatandaza, umeme wenyewe uko wapi? Gesi inatoka hapa kwetu Mtwara, jana changu wangu wameozea kwenye friji.

BibiTandahimba: Afadhali wewe samaki. Mimi korosho zimetoka ghalani, hela sizioni, katibu wa ushirika simu hapokei.

Korosho_Pumba: Bibi, katibu wenu si yule mwenye bodaboda mpya?

BibiTandahimba: Huyohuyo! Fungua uzi wake.