Tupeane uzoefu: Kadi ya kura ni ya kisiwani, wewe sasa unaishi mjini. Ulifanyaje?

Kijana wa Mabatini

Mwangaluka wakuu.

Oktoba mwaka huu wa 2025 tunachagua rais, wabunge na madiwani, na Mei awamu ya pili ya uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura inapita huku kwetu. Hapa mtaani kila nikigusia habari hii najibiwa, "Kadi ninayo, wasiwasi wa nini?" Sawa, unayo, lakini ni ya wapi? Watu wa Mwanza tunahamahama. Leo Igoma, kesho Buswelu, msimu wa dagaa uko Kome au Ukara, na kadi inasoma Misungwi. Kura inapigwa kwenye kituo ulichoandikishwa, jina lako lilipo. Mashine haitakuandikia jina jipya siku ya uchaguzi.

Inaniuma kwa sababu wanaokosa kura kwa njia hii ni walewale kila mara: wavuvi, wapangaji, wanafunzi, kina mama wa kokoto. Naomba tupeane uzoefu. Ulipohama ulifanyaje? Kadi ilipopotea je? Na kama kuna aliyewahi kuambiwa "wewe si mkazi wa hapa", atueleze iliishaje. Ya vyama tuyaweke pembeni kwenye uzi huu.

Giza la Ziwa

Mkuu, umenigusa. Mimi navua dagaa, na mvuvi wa dagaa anaishi kwa kufuata mwezi. Giza likiingia tunakesha majini na taa. Mbalamwezi ikishika tunatulia, tunashona nyavu, wenye familia mbali wanakwenda kuziona. Nilijiandikisha 2015, mwaka ule mashine za BVR zilipoanza kuchukua alama za vidole, nikiwa kambini kisiwani upande wa Buchosa. Ilipofika kura ya 28 Oktoba 2020 nilikuwa nimeshahamia Igombe. Kurudi kule ni nauli, ni kazi kusimama, na tajiri wa mtumbwi hakusubiri. Kambi nzima tulikuwa na kadi mfukoni, na wachache sana walipiga kura.

Agosti 2024 Tume ya Uchaguzi ilipokuja Mwanza, tarehe 21 hadi 27, mwezi mpevu ulikuwa umetoka kupita, kwa hiyo siku za mwanzo wengi tulikuwa nchi kavu. Nikaenda na kadi yangu ya zamani nikawaambia nahamisha taarifa. Nilishajiandaa kubishana kuhusu barua ya mwenyekiti, sijui mkataba wa nyumba. Wakaniuliza naishi wapi, wakapiga picha, wakachukua vidole, kadi mpya ikatoka palepale. Vijana wa kambini nawasihi jambo moja: ukifika pale sema umehama. Usijifanye unaandikishwa kwa mara ya kwanza ili mambo yaende haraka. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai, lina faini na kifungo, na vidole vyako viko humo tayari.

Halafu ikaja Novemba, uchaguzi wa serikali za mitaa. Hapo ndipo nilipoona watu wengi wakiachwa. Ule unasimamiwa na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, na una orodha yake. Kadi ya Tume haikuingizi humo. Orodha iliandikwa kuanzia 11 hadi 20 Oktoba 2024, nayo ni ya wakazi wa kitongoji au mtaa husika tu. Kuna jamaa zangu walikuwa na kadi mpya kabisa ya Agosti, wakakaa wakijua wameshamaliza. Mimi niliwahi kwa sababu mwezi ulijaa tarehe 17, tulikuwa nyumbani.

Ila siku yenyewe ya kura, 27 Novemba, ilikuwa giza tupu, yaani siku zetu za kuvuna. Tulitoka ziwani alfajiri, tukaanika, tukaachiana zamu ya kulinda chanja ili kila mtu apate kwenda. Hilo tulilipanga wenyewe. Na ningeomba wanaopanga ratiba za visiwa na mialo waangalie kalenda ya mwezi kabla ya kugonga muhuri. Ukileta mashine siku saba za giza kwenye kambi ya dagaa, utakuta wapishi na mbwa.

Mpangaji Buswelu

Mimi niliambiwa hiyo ya "si mkazi". Ilikuwa kwenye orodha ya mtaa, Oktoba. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni akasema kwa sauti kwamba wapangaji ni watu wa kupita, hawawezi kumchagulia mwenyekiti. Baadhi wakaitikia. Nikamjibu kwa adabu: "Baba, takataka nalipa hapa, ulinzi shirikishi nachangia hapa, watoto wanasoma hapa, na mwenye nyumba wangu anaishi Dar. Sasa kati yangu na yeye nani anamhitaji mwenyekiti wa mtaa huu?" Mwandikishaji akamwomba mzee anyamaze, akaniuliza ninakaa kwa nani na jirani yangu ni nani. Jirani alikuwa nyuma yangu. Nikaandikwa.

Dada zangu mnaopanga, msirudi nyumbani kwa maneno ya foleni. Kinachotakiwa ni uraia, miaka 18 na ukazi. Hati ya kiwanja haimo.

Ng'wana Magu

Yangu ni ya 2020. Kadi iliungua na vitu vyote kambini (nyumba za nyasi, mnazijua). Tume mwaka ule iliruhusu aliyepoteza kadi atumie kitambulisho cha taifa (NIDA), leseni ya udereva au pasi ya kusafiria, ilimradi jina limo kwenye daftari la kituo kile na linafanana na la kwenye kitambulisho. Nina leseni, nikaenda bila hofu. Kumbe daftari limeandikwa jina la baba kwa Ng'w, kama tunavyolitamka Wasukuma, na leseni imeandikwa kwa Mw. Msimamizi alinionyesha kwa kidole herufi kwa herufi. Sura yangu ipo kwenye daftari, naitazama, lakini jina halilingani. Nilitoka nimejisikia vibaya mno, wakuu, maana baba yangu ni yuleyule.

Kwetu hili ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Cheti cha shule Mw, NIDA Nghw, kadi ya kliniki Ng'w. Agosti mwaka jana nilipokwenda kuchukua kadi nyingine nilibeba NIDA, nikaomba jina lifuate NIDA, na nikalisoma mwenyewe kwenye skrini kabla hawajachapa. Fanyeni hivyo. Yule kijana wa mashine anaandika anachosikia.

Malimbe Block B

Mwanachuo hapa. Nimeandikishwa nyumbani Sengerema. Swali langu lilikuwa niko wapi Oktoba, chuoni au nyumbani? Nikaona nyumbani, kwa hiyo sijahamisha. Kuvuka pale Kigongo si tatizo. Kila mtu apige hesabu yake mapema, kwa sababu uandikishaji ukifungwa hakuna kuhama tena.

Mtoto wa Kokoto

Naandika kwa niaba ya mama. Amegonga kokoto Mabatini tangu sijazaliwa, na vidole vyake havina mistari tena. Kituoni mashine ilikataa dole gumba, ikakataa cha pili. Watu nyuma wakaanza kuguna. Mama akataka kuondoka, akaniambia, "Mwanangu, tuwaache wenye vidole." Sitasahau sauti ile. Lakini dada wa mashine alikuwa mvumilivu, Mungu ambariki. Alimpa kitambaa chenye maji afute mikono, akajaribu vidole vingine kimoja kimoja kwa kubonyeza taratibu, mpaka vikapatikana vinavyosomeka. Kadi ikatoka.

Mwenye mzazi wa kazi ya mikono ampeleke mapema asubuhi kabla foleni haijachachamaa, na akae naye. Akiwa peke yake ataondoka.

Jirani wa Kisumu

Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Huku Kenya kadi ya kura haitumiki. Unaenda na kitambulisho cha taifa au pasipoti ileile uliyojiandikishia, na mashine inasoma kidole. Shida yetu wavuvi ni kwamba kitambulisho kikizama, unapewa karatasi ya kusubiri kingine, na karatasi hiyo haikubaliki kituoni. Uchaguzi wa 9 Agosti 2022 nilimwona rafiki yangu akirudishwa nayo. Tangu hapo mimi huacha kitambulisho nyumbani kwa mama, siingii nacho majini.

Mwanakerewe

Wakuu, naomba msaada. Baba yuko Nansio, kadi yake ni ya 2015, picha imefifia hadi haijulikani ni nani. Macho nayo yanamsumbua. Hajahama. Inabidi afanye nini?

Kijana wa Mabatini

Mkuu Mwanakerewe, kadi ya zamani iliyo nzima haina shida kama mwenyewe hajahama. Ya baba imeharibika, kwa hiyo Mei mpeleke kituoni apewe nyingine. Kwa sababu yumo kwenye daftari, unaweza kumwanzishia maombi kwa simu kupitia mfumo wa mtandaoni wa Tume, lakini lazima yeye mwenyewe afike kituoni kumalizia na kuchukua kadi. Mkifika, mweleze mwandikishaji kuhusu macho. Wazee, wagonjwa, wajawazito na wenye ulemavu hawapangi foleni. Na wakati huohuo daftari la awali linabandikwa vituoni, kwa hiyo litafute jina lake ulisome, hasa kama na ninyi mna hizo Ng'w.

Oktoba anaruhusiwa kwenda na mtu anayemwamini amsaidie kupiga kura. Mkubaliane mapema ni nani, na huyo naye awe na kitambulisho.

Wengine endeleeni. Bado sijasikia mtu wa Kayenze wala wa Ukara.